Mtoto wa delta kwenye delta ya wenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mombasa aliniandikia: "Meli yetu ya kitalii itatia nanga Marseille siku moja, mwezi wa tano. Ile ziara ya Camargue inafaa, au ni kutupa hela?" Nilitaka kumjibu mistari miwili. Saa saba usiku nilikuwa bado naandika. Kumbe inaniuma mpaka leo.

Nimekulia Nyamisati, delta ya Rufiji. Utoto wangu ni mikoko, mbu, na kukaa dunguni kuamia ndege wasimalize mpunga. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tulipodunduliza miaka mitatu tusherehekee miaka 20 ya ndoa melini, nilipoona orodha ya ziara za nchi kavu sikuuliza mara mbili. Camargue, delta ya mto Rhône huko Ufaransa! Flamingo, yaani heroe, farasi weupe, ng'ombe weusi, mashamba ya chumvi. Tiketi mbili zilikula bei ya mbuzi wawili wazuri. Karatasi ilisema ziara ni ya saa sita.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi tunaliwa. Saa sita hizo zinahesabiwa tangu unapokanyaga ngazi ya meli. Kutoka Marseille mpaka Saintes-Maries-de-la-Mer, kijiji kilicho ukingoni mwa bahari, ni kama kilomita 130. Karibu saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Muulize anayekuuzia: miguu yangu itakaa chini dakika ngapi? Usiulize saa, uliza dakika.

Tulipita Arles, hapo mto unapogawanyika mikono miwili. Ardhi yote iliyo katikati ndiyo Camargue yenyewe, hifadhi ya mkoa tangu 1970. Ilikuwa Septemba na mpunga ulikuwa umeiva. Jamani, niliganda kwenye kioo cha basi. Mpunga, Ufaransa! Muongozaji alieleza kwamba udongo wa kule una chumvi, na maji baridi ya mto yanayofurika mashambani ndiyo yanayoisukuma chumvi chini. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilitamani basi lisimame nishike suke moja tu. Halikusimama.

Kisha akauliza kama kuna mtu amewahi kuona flamingo. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu kuna ziwa Natron, wanakozaliana heroe wadogo kwa malaki. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyekariri shairi, akaendelea na maikrofoni yake.

Tulisimamishwa nusu saa kwenye zizi la ng'ombe, tukapiga picha na wachungaji wao, wale wanaoitwa gardian, juu ya farasi weupe. Vizuri tu. Halafu likaja pigo: Pont de Gau, ile bustani ya ndege iliyoandikwa kwenye karatasi, imeondolewa. Muda umebana. Badala yake tutapewa saa nzima kijijini "ya kufanya manunuzi".

Manunuzi! Nimevuka bahari nikanunue sabuni ya mrujuani?

Nikamwachia mwenzangu pochi, nikaingia kanisani. Chini kuna chumba cha ardhini, joto la mishumaa linakupiga usoni kabla hujamaliza ngazi. Pembeni amesimama Sara, mtakatifu wa Waroma (wale ambao wengi huwaita Wajipsi), uso mweusi, amevishwa majoho moja juu ya jingine mpaka amekuwa mnene. Wanamwita Sara la Kali. Nilicheka peke yangu. Kwa lugha yao kali ni nyeusi, lakini mimi nilisikia kwa sikio la Nyamisati, na siku ile nilihitaji mwanamke mkali upande wangu. Dada wa Mombasa, kila tarehe 24 Mei humbeba mpaka baharini. Meli yenu ikiangukia siku hiyo, msongamano ni mkubwa, ila nenda.

Nikatoka, nikafuata tuta la bahari upande wa mashariki. Bahari kulia, mabwawa kushoto, mbu kila mahali (mbu wa kule hawana adabu, bebeni dawa). Na hapo nikawaona. Ni wakubwa kuliko wa Natron na wamepauka, ungedhani wamefuliwa sana. Mmoja alikuwa karibu: amepindua kichwa majini, huku anakanyaga tope kwa miguu, anajizungusha taratibu kama mtu anayeponda udongo wa kukandika nyumba. Alipoacha, majini palibaki duara. Kisha wenzake wakaruka, mbawa zikafunguka, na ndani ni nyekundu.

Nilichelewa basi dakika 12. Nilipopanda, abiria wote walinipigia makofi, yale ya kejeli. Mwenzangu akaangalia nje. Ndugu zangu, nilikaa kimya saa mbili nzima mpaka bandarini, na viatu vyenye tope.

Kwa hiyo wanawake wenzangu, msione haya kuuliza. Tumelipa kama wao. Uliza dakika, uliza kipi kinaweza kuondolewa, uliza tena siku yenyewe. Ukienda kivyako, garimoshi la Marseille mpaka Arles lipo, na basi la kushuka Saintes-Maries lipo, lakini piga hesabu ya kurudi kwanza, maana aliyeenda kivyake meli haimsubiri. Ziara ya meli ina faida hiyo moja.

Niliporudi nyumbani wifi yangu akasema, "Hela zote zile kwenda kuangalia mbu na mpunga? Si ungekuja Rufiji kwa nauli ya basi." Sikumjibu. Nimeanza kudunduliza tena, safari hii nilale Arles siku tatu. Mwenzangu anasema yeye atanisubiri Nyamisati.