Dume wa njano, majike wa buluu

SWALI: Miezi mitano iliyopita niliuziwa samaki sita wadogo wa tangini aina ya mbuna, wote wa buluu wenye mistari, nikaambiwa ni majike. Sasa mmoja amegeuka njano na anawafukuza wenzake kutwa, wawili wameshakufa. Mwingine ana siku ya sita hali chakula na kidevu kimevimba. Nimpe dawa gani? Tangi ni la lita 120.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimpe dawa yoyote. Kwa dalili hizo, huyo si mgonjwa, amebeba mayai mdomoni. Wa njano ndiye dume.

Ulichouziwa ni kenyi, mbuna wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Wote huanza maisha wakiwa wa buluu. Jike hubaki hivyo, dume hugeuka njano anapokaribia sentimita 6 au 7, kwa hiyo muuzaji asingeweza kuwatambua kwa macho wakiwa wadogo. Na usiamini kwamba waliobaki ni majike: dume mnyonge huendelea kuvaa buluu ili asipigwe. Mkamate kila mmoja kwa wavu, isipokuwa huyo aliyebeba mayai, lowesha mikono, mgeuze tumbo juu kwa sekunde chache tu. Mbele ya pezi la chini la nyuma kuna matundu mawili. Kwa dume yanakaribia kulingana. Kwa jike, lile lililo karibu na mkia ni pana zaidi. Madoa ya njano kwenye pezi hilo hayatoshi kuwa ushahidi, kwani hata majike huwa nayo.

Madoa hayo yana kazi yake, na ni jambo la kupendeza kulitazama. Dume husafisha mahali, hutanua mapezi na kutetemeka mbele ya jike, kisha wanazungukana. Jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyazoa kwa mdomo papo hapo. Halafu hudonoa pezi la dume lenye madoa kama mayai, dume anamwaga mbegu, na mayai yanarutubishwa mle mdomoni.

Jike wako atabeba mayai, kisha watoto, mdomoni kwa wiki tatu hivi kwenye maji ya nyuzi 26. Kumsumbua mapema kunaweza kumfanya ameze au ateme mayai. Subiri hadi siku ya 18, mhamishe usiku taa zikiwa zimezimwa, kwenye tangi la lita 40 lenye maji ya tangi lile lile. Akishawatema watoto, mlishe siku kadhaa kabla ya kumrudisha. Akirudi amekonda atapigwa. Watoto wape chakula kilichosagwa kama unga.

Dume mtenge leo hii. Lita 120 ni ndogo mno kwake: anahitaji tangi la urefu wa sentimita 120 au zaidi, lita 300 hivi, na majike wanne au watano ili hasira zake zigawanyike. Panga mawe mengi yawafiche wasionane. Yaweke juu ya sakafu ya tangi kwanza, mchanga baadaye, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga likiporomoka huvunja kioo.