Mume kumchongea mkewe kwa Stasi

Si uzushi, ndugu, ilitokea kweli. Mafaili ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, yalifunguliwa kwa wananchi Januari 1992. Vera Wollenberger, mpinzani wa serikali ile, akasoma lake na kugundua kwamba mpasha habari aliyeandikwa "Donald" alikuwa Knud, mume wake mwenyewe. Inauma hata kuisoma. Sisi wa Bukavu tusishangae: wakati wa Mobutu wazee wetu pale Kadutu walifunga dirisha kwanza ndipo wamtaje, kwa kumwogopa jirani wa ukuta mmoja. Ila tusiseme wapasha habari wote wa Stasi, zaidi ya 170,000 mwaka 1989, walilazimishwa. Wengine walitishwa, wengi walikubali kwa hiari.