Mama anafanyiwa upasuaji wa mgongo Dar: tulale wapi, turudi vipi?

SWALI: Mama yetu, miaka 61, atafungwa vyuma kwenye pingili za kiuno pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Tunatoka Mbeya. Tupangeje malazi na safari ya kurudi?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Tiketi ya kurudi msiikate mapema. Kidonda kikichelewa kukauka mtapoteza nauli au, vibaya zaidi, mtasafiri naye kabla ya wakati. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, hivyo wekeni bajeti ya wiki tatu, Upanga au Kariakoo.

Gesti ikakaguliwe kwa macho, si kwa simu. Chumba kiwe cha chini. Choo kiwe cha kukaa. Cha kuchuchumaa hakifai kabisa, kinamkunja kiuno. Kitanda kifike usawa wa magoti na godoro lisibonyee. Kuamka kuna utaratibu wake: akunje magoti, ageuke ubavu, mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo, kisha ateremshe miguu huku akijisukuma kwa mkono. Afanye mazoezi hayo kabla ya kulazwa, maumivu yakianza hatajifunza kitu.

Basi ni zaidi ya kilomita 800, na kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Ndege hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, itamchosha kidogo zaidi, daktari akiridhia. Ombeni kiti cha magurudumu mnapokata tiketi.

Akishindwa kukojoa au akipata ganzi sehemu za siri, rudini hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.