Ile niliyoiona mimi ilimaliziwa gizani

Wiki hii mmeuliza: je, sehemu ya pili ya filamu inaweza kuishinda ya kwanza? Nilitaka kuwajibu kwa neno moja, hapana, nikalale. Sehemu ya pili ni biashara. Jina limeshazoeleka, wenyewe wanakamua mpaka matone.

Najua kuna mtu ataniletea Shrek 2, ile katuni ya zimwi la kijani. Ilitoka 2004, ikatengenezwa kwa dola milioni 150 na kukusanya zaidi ya milioni 900 duniani. Hakuna filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko hiyo mwaka ule, na kwa upande wa katuni haikupitwa mpaka Toy Story 3 mwaka 2010. Hata kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilishindania tuzo kuu. Sawa. Lakini Oscar ya katuni ilienda kwa The Incredibles, wakati Shrek ya kwanza ndiyo iliyofungua orodha ya washindi wa tuzo hiyo. Kujaza ukumbi ni jambo moja, ubora ni jingine.

Ningeishia hapo. Tatizo ni kwamba ya kwanza nimekuja kuiona ukubwani. Sisi watoto wa Majengo, hapa Moshi, tulianza na ya pili, kwenye banda umiza, kibanda cha kuonyesha video kwa kiingilio: shilingi 100, mabenchi yasiyo na egemeo, magunia madirishani, na kaka mmoja fundi redio anayetafsiri papo hapo kwa maiki iliyofungwa utepe. Kiingereza chake sijui kilitoka wapi, na siku hizi nina mashaka kama kilikuwepo.

Kwake yeye, zimwi lile la kijani lilikuwa kijana wa Pasua, mtaa wa hapahapa Moshi, aliyeoa binti wa mangi, yaani chifu wa Kichaga, kimyakimya, bila mbege, pombe yetu ya ndizi, wala washenga, na sasa anaitwa ukweni ajieleze. Mnaikumbuka ile meza, mkwe na baba mkwe wanavyonyang'anyana chakula? Kaka alisema wanagombania ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa sherehe. Banda zima likalipuka. Mzee mmoja aliyekuja kusubiri mpira wa saa mbili alisimama akafoka, "Huyo kijana aende na jani la sale aombe msamaha Kichaga, aache ujinga!" Kaka akamjibu kwenye maiki, "Subiri mzee, sale linakuja." Paka alipovua kofia na kukodoa yale macho, tuliambiwa ni dalali wa stendi anaomba nauli. Mpaka leo nikipita stendi namwona yule paka.

Basi zimwi likanywa ile dawa, likawa kijana mtanashati, punda wake akawa farasi mweupe. Mara umeme ukakatika. Tukapiga kelele tunataka hela yetu. Kaka hakurudisha hata senti. Alisimama juu ya benchi na tochi, akatusimulia mwisho kwa mdomo: kijana akabaki hivyohivyo mzuri, mangi akampenda, akamkatia kihamba, shamba la ukoo, wakachinja. Tukapiga makofi, tukaenda kulala.

Niliishi na mwisho huo miaka kumi na kitu. Siku moja binti yangu akaiweka kwenye runinga ya nyumbani, nami nikakaa kama mtu anayejua kila kitu. Kumbe mume anamwambia mkewe wakibusiana kabla ya usiku wa manane watabaki warembo daima, na mke anakataa! Anamtaka yuleyule wa kijani aliyemuoa. Na mangi, ambaye miaka yote nilimjua kama mkwe mtoa viwanja, anajirusha mbele ya uchawi kuwakinga, anageuka chura. Nilinyamaza. Binti akauliza mbona baba unafuta macho, nikasingizia vitunguu, na jikoni kulikuwa na makande tu.

Ya kwanza naiheshimu. Ina mpangilio mzuri, haina papara, na ukinibana nitasema waliotoa tuzo hawakukosea. Lakini ya kwanza inaishia harusini, na sisi tuliooa tunajua kwamba shughuli inaanza siku unapopeleka uso wako ukweni.

Kwa hiyo, ingawa nilianza na hapana, niandikieni ndiyo, inaweza. Ila ieleweke kwamba nasemea ile ya Majengo, yenye ndafu, mpaka pale umeme ulipokatika. Kuanzia hapo naichukua ya kwenye runinga.