Kabla hujawasha taa, pima gizani

Zinki oksaidi ni unga ambao ukipigwa na mwanga unaweza kuvunja dawa zilizochafua maji. Mara ya kwanza nilipoutengeneza kwa maji ya majani ya mwarobaini, nusu ya dawa niliyoiweka kwenye maji ilitoweka ndani ya saa moja chini ya taa. Nilishangilia. Mama mmoja, fundi sanifu wa maabara yetu, akasoma daftari langu, akauliza: "Mwanangu, na gizani umepima?"

Sikuwa nimepima. Jioni ile nikaifunika bika, chombo cha kioo cha maabara, kwa foili, nikakoroga saa nzima bila taa. Dawa ikapungua karibu vilevile. Kumbe haikuvunjwa, ilinasa tu kwenye masalia ya majani yaliyobaki ndani ya unga. Dalili nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo: unga ulikuwa wa kahawia, na zinki oksaidi safi ni nyeupe. Nilikuwa nimeuchoma kwa nyuzi 300, nikidhani nabana umeme. Nilipourudisha kwenye tanuri kwa nyuzi 500, ukatoka mweupe.

Kwa hiyo koroga gizani nusu saa, upime dawa iliyobaki majini, ndipo uwashe taa. Weka pia bika ya pili yenye dawa bila unga chini ya taa hiyohiyo, kwa sababu zipo dawa zinazovunjwa na mwanga peke yake.

Dawa yenyewe ilikuwa sulfamethoxazole, iliyomo kwenye vidonge vya kotrimoksazoli. Watafiti wameikuta Mto Nairobi, pamoja na nevirapine na lamivudine za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mabwawa ya majitaka hayakujengwa kwa ajili ya vitu hivi, ndiyo maana kazi hii naipenda na sitaki tujidanganye nayo.

Tusijidanganye hata kwa neno "kijani", jina la njia hii ya kutengeneza unga kwa mimea. Mimi nilichemsha majani, kisha nikatia zinki naitreti, chumvi ya zinki. Tanuri likatoa moshi wa kahawia, naitrojeni dioksaidi, ambayo ni sumu. Sasa natumia zinki asiteti, na nasubiri nipate mafungu matatu au manne ya kuchoma ndipo niwashe tanuri mara moja. Badala ya taa, natoa bika juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Zinki oksaidi hutumia mionzi ya urujuanimno, sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, lakini jua letu halina bili.

Mwisho wa jaribio pima pia zinki kwenye maji uliyoyachuja, hasa yakiwa na asidi. Unga huu huyeyuka humo.