Noah inazima kwenye foleni: maswali yenu ya valvu

Shikamoo fundi. Noah yangu ya 2003, injini 1AZ-FSE ya D-4, inatetemeka nikisimama, na juzi ilinizimikia kwenye foleni Majengo nikiwa na watoto wa shule. Barabara ya Morogoro inakimbia vizuri tu. Plagi na koili nimeshabadilisha zote. Mama, Kisasa, Dodoma

Marahaba mama, na pole kwa hela ya koili. Gari likitetemeka limesimama halafu likatulia likikimbia, mimi huanzia kwenye valvu ya EGR. Kazi yake ni kurudisha moshi kidogo wa ekzosi ndani ya injini ili joto la mlipuko lipungue, na pamoja nalo zile gesi chafu za nitrojeni. Gari likinguruma bila kukanyagwa mafuta, valvu hiyo inatakiwa iwe imefunga. Ikijaa masizi inakwama wazi, na injini inavuta moshi mahali pa hewa. Ukikanyaga mafuta hewa inaingia kwa wingi, moshi ule unamezwa, ndiyo maana ukishatoka mjini husikii kitu.

Halafu D-4 ina ugonjwa wake. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye 3S-FE ya Noah za kwanza petroli ilipita juu ya valvu za kuingizia hewa ikaziosha. Kwenye D-4 hakuna wa kuziosha, na masizi ya EGR yakichanganyika na mvuke wa oili yanagandia pale pale. Kwa hiyo zile chupa za dawa za kumimina kwenye tangi zinaweza kusaidia nozeli, lakini valvu hizo hazizifikii.

Fundi afungue EGR na throto (mlango wa hewa ya injini), asafishe kwa dawa ya throto na brashi laini, asiloweshe upande wenye mota ya umeme, arudishie na gasketi mpya. Kama bado, manifoldi ya hewa (bomba linalogawia silinda hewa) ishuke na masizi yakwanguliwe, silinda moja baada ya nyingine, valvu zake zikiwa zimefunga ili uchafu usidondokee ndani. Akikuahidi kuimaliza kwa nusu saa, tafuta mwingine.

Fundi wangu wa Kizota anasema kusafisha EGR ni kupoteza muda, aizibe kwa kibati yaishe. Nikubali? Nasafiri sana Shelui. Dereva wa familia

Usikubali. Gari litatulia, sikatai, na fundi ataonekana bingwa. Ila siku unarudi kutoka Shelui umejaza watu saba ukaanza kupanda Sekenke, joto ndani ya silinda litapanda nalo, na injini inaweza kuanza kugonga. Kingine ni taa ya cheki injini. Kompyuta ikiona moshi haurudi, mara nyingi inaandika namba ya hitilafu P0401 na taa inabaki imewaka. Ukishaizoea hiyo taa, tatizo jipya likija utalijuaje?

Alphard yangu ya 2AZ-FE inakula oili. Nimeambiwa ovahauli. Mwalimu, Nkuhungu

Mwalimu, kabla ya ovahauli chomoa valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa oili kwenye hewa ya injini. Itikise: isipolia kachakacha imeganda, badilisha, ni spea ya bei ndogo. Kisha angalia moshi wa bluu. Moshi ukitoka asubuhi gari likiwashwa halafu ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni, na 2AZ-FE inajulikana kwa hilo. Hapo fundi wako atakuwa na hoja.

Je, mwinuko wa Dodoma unaharibu mchanganyiko wa petroli?

Hapana. Mji uko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,100 hivi, na gari lenye kompyuta linajirekebisha lenyewe. Vumbi ndilo la kuogopa: kagua kichujio cha hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Nikijaza tangi gari linagoma kuwaka, nikitoka sheli nusu tangi linawaka kawaida. Baba Neema, Kibaigwa

Valvu ya mvuke wa petroli inavujisha. Ikikwama wazi, mvuke wa tangi unaingia kwenye injini muda wote, na tangi likijaa unazidi, injini inalewa petroli. Injini ikiwa baridi na inanguruma, chomoa paipu inayotoka kwenye kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa tangi), weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Ikivuta, badilisha. Na pampu ikijikata, baba, usimwambie kijana wa sheli aongezee mpaka shingoni; petroli inalowesha mkaa wa kwenye kopo.

Kompyuta imesoma P0420. Fundi anasema masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yamekufa, atanitolea bure. Msomaji, Area D

Bure! Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Anayejitolea kukutolea bure anajua analipwa wapi.

P0420 inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Ekzosi yenye tundu karibu na sensa ya oksijeni inaweza kuleta namba hiyo hiyo. Gari linalomisi (silinda haichomi petroli vizuri) linapeleka petroli mbichi kwenye masega na kuyaunguza, kwa hiyo ukiweka mapya bila kutibu kumisi, nayo yataungua. Anza na tundu la ekzosi, kisha plagi na koili, kisha sensa. Futa namba, endesha wiki moja, pima tena. Ikirudi, na gari halivuti mlimani, masega yapimwe kama yameziba, wewe ukiwa umesimama hapo hapo.