Usimnyoe bado: nywele za mtoto hufungana siku ya kufumua

Mama uliyeuliza kutoka Bukavu, nimesoma swali lako mara mbili. Binti wa miaka minne, nywele nyingi zilizojikunja kama springi, ukishika chanuo tu anakimbilia chini ya meza. Msuko wa mwisho ulikaa mwezi mzima, umeufumua na kuosha, sasa ana mafundo mawili kisogoni yasiyoingilika. Bibi yake anasema mnyoe, jirani anasema mpake dawa ya kunyoosha yaishe. Mimi si kwafezi, yaani msusi wa saloni. Ni fundi cherehani hapa Goma, mtaa wa Majengo, tena mwanaume, kwa hiyo wanaotaka kucheka wacheke kwanza halafu tuendelee.

Mwaka juzi mke wangu alisafiri kumuuguza mama yake, akakaa huko miezi miwili. Aliniachia Kamama (ndivyo tunavyomwita), umri ule ule wa binti yako, kichwa kimesukwa vizuri kwa uzi mweusi. Maagizo yalikuwa mafupi: baada ya wiki tatu fumua, mpeleke saloni. Wiki ya tatu ikafika, nikaona msuko bado unapendeza, na mimi nina suruali za watu zinasubiri. Nikaacha. Ya nne ikapita, ya tano pia. Jumapili moja nikafumua, nikakuta kwenye mashina kuna ukoga mweupe, nikajisemea hapa panataka maji. Nikamwinamisha kwenye beseni, nikachukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia, nikasugua kwa kuzungusha viganja kama mtu anayefua kola ya shati.

Nilipomwagia maji ya kusuuza, kichwa kilikuwa kitu kimoja. Mmewahi kupasua godoro kuukuu mkaona pamba ya ndani ilivyoshikana? Ndivyo. Nikaingiza chanuo kwenye ngozi ya kichwa na kuvuta. Mtoto alipiga kelele mpaka mama wa jirani, muuza mandazi, akaja na unga bado mikononi. Akaninyang'anya chanuo, akashika kile kichwa, akauliza: "Papa Kamama, uliziosha kabla ya kuzichambua?" Sikuelewa hata swali lenyewe. Tulikaa kwenye mkeka tangu saa nane mchana mpaka giza likaingia, na nyuma ya sikio la kushoto pakabaki fundo moja la ukubwa wa harage tuliloishia kulikata kwa mkasi wangu wa kazi. Mke wangu aliporudi aliliona pengo lile kabla hajatua begi.

Swali la yule mama ndilo jibu langu kwako. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, ni kawaida, si ugonjwa. Za mwenye nywele zilizonyooka huanguka sakafuni. Zetu zikishang'oka haziendi popote, zinabaki zimejizungusha kwenye zile zilizo hai, na msuko unazishikilia hapo hapo. Hata tuseme mtoto anapoteza 25 tu kwa siku: wiki tano ni nywele 875 zilizokufa, zote ziko kichwani zinasubiri. Ukizimwagia maji hali ziko hivyo, zinavimba, zinarudi kujikunja, zinajifunga kwa zilizo hai. Ukisugua kwa kuzungusha ndiyo umeshamaliza kazi. Mimi na uzi wangu wote nilipaswa kulijua hilo! Uzi ukifungana kwenye bobini huvuti, ukivuta fundo linakaza. Unatafuta ncha.

Kwa hiyo siku ya kufumua, fumua msuko mmoja tu na usikimbilie wa pili. Pale kwenye shina, penye kile kipete cha uchafu, paka mafuta (ya nazi, ya nyonyo, yoyote uliyonayo), kibonyeze kwa vidole mpaka kilainike, kisha tenganisha nywele kwa vidole ukizivuta taratibu kuelekea nje. Zilizokufa zitakuja zenyewe kama kikunjo cha uzi. Usiogope wingi wake, hazikung'oka leo. Fungu hilo lisokote, ndipo uende kwa jirani yake. Kichwa kizima kikishapita hivyo, sasa leta maji.

Kuosha nako: yaache mafungu yakiwa yamesokotwa, manane hivi yanatosha. Shampuu iende kwenye ngozi, usugue kwa nyama ya vidole, povu lishuke lenyewe hadi nchani. Sabuni ya kipande iacheni kabisa. Ina magadi, inainua magamba madogo yanayofunika unywele, na unywele wenye magamba yaliyosimama unamnasa mwenzake. Kwetu Goma ni mara mbili, kwa sababu hata maji ya Ziwa Kivu yenyewe yana magadi, pH yake iko karibu 9. Mimi namsuuzia Kamama mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Hapa karibu kila nyumba inakinga mvua kwenye bidoni, maana mji umekaa juu ya mawe ya volkano, maji yote yanazama na mito hatuna. Nyinyi Bukavu mna bahati zaidi.

Sasa chanuo. La meno mapana, na nywele ziwe na unyevu pamoja na krimu ya kulainisha, ile inayosuuzwa baadaye. Nywele zetu kavu hukatika kwenye kila kona ya mkunjo, na kona ni nyingi. Mafuta ya ngozi ya kichwa nayo hayafiki nchani kwa sababu njia imepinda, ndiyo maana ncha huwa kama nyasi za kiangazi. Anza nchani, sentimita mbili tu, zikipita panda kidogo. Na hili ndilo lililomtoa Kamama chini ya meza: mkono wa kushoto ubane lile fungu kati ya chanuo na kichwa, kwa nguvu, ili ukivuta, uvute mkono wako na siyo ngozi ya mtoto. Jaribu kwenye kichwa chako kwanza. Utaona kwamba siku zote tulikuwa tunawaumiza bure.

Kulowesha natumia kile kichupa cha kupulizia maji wakati wa kupiga pasi. Asiye nacho achukue chupa ya plastiki, atoboe kifuniko kwa msumari. Krimu ikikosekana, chemsha bamia, chuja ule utelezi kwa kitambaa, upake ukishapoa, unateleza kweli kweli. Avoka msinidanganye nayo tena. Shangazi mmoja alinishauri, nikaiponda vizuri sana, na kwa siku mbili mtoto alikwenda shule na vipande vya kijani kichwani.

Kuhusu kukaa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa saa mbili, na hata mimi siwezi. Tuliacha ile Jumamosi ya kilio. Nafanya mafungu mawili kila jioni. Nampa kopo langu la vifungo avitenge kwa rangi, na tumekubaliana kwamba vyekundu vikiisha na mimi nimemaliza. Siku nyingine anaviiba vyekundu ili viishe haraka. Namwacha.

Usiku ni kitambaa. Mto wa pamba au kitenge unanyonya mafuta na kukwaruza, na wao wanavyojigeuza usiku kucha, mafundo ya kisogoni yanazaliwa hapo. Nilimshonea foronya ya bitana, ile satini ya ndani ya makoti. Kipande kilichobaki kazini kinatosha, mwombe fundi yeyote wa mtaani kwako.

Dawa ya kunyoosha, hapana. Nyingi zina sodiamu haidroksidi, ile ile soda kali ya kutengenezea sabuni, na hata zilizoandikwa kwamba hazina hiyo zina kemikali nyingine ya ukali unaofanana. Inaunguza ngozi ya mtu mzima anayejua kusema "toa, inachoma". Mtoto wa miaka minne atasema akiwa ameshachelewa. Huyo jirani mwambie ahsante, basi.

Kunyoa si dhambi, simpingi bibi yake. Ng'ambo ya mpaka hapa, Gisenyi ya Rwanda, watoto wa shule wananyolewa, wa kike na wa kiume, na wanasoma vizuri tu. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, zitarudi. Ila uamuzi huo usifanywe kwa hasira ya Jumamosi. Na ukiona viraka vya duara visivyo na nywele, vina magamba na kuwasha, hayo ni mapunye, mpeleke kituo cha afya. Yanatibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, krimu ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Yanaambukiza kwa chanuo, kwa hiyo chanuo la mtoto lisitoke nyumbani. Mkienda saloni, liwe kwenye mkoba wako, hata kwafezi akinuna.

Shule ya Kamama inatoa modeli ya nywele ya kila wiki, yaani mtindo wa kusukwa, kwa hiyo kusuka hatukwepi. Ninachomwambia msusi ni kimoja: pajini na kwenye masikio asikaze. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, au mtoto ashindwe kufumba macho vizuri usiku, fumua usiku huo huo. Nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka huondoka, na nyingine hazirudi. Waangalieni dada zetu wakubwa.

Haya, mafundo yako mawili ya kisogoni. Usiyamwagie maji tena. Paka mafuta kwa ukarimu, funika kwa kitambaa, mwache acheze nusu saa. Kisha usilichane fundo, lipasue: chukua sindano nene ya kushonea makoti, tumia upande wa tundu, siyo wa ncha, uupenyeze katikati ya fundo na kuligawa kwa urefu, kufuata nywele zinavyoshuka. Moja liwe mawili, mawili yawe manne. Vikishakuwa vidogo, vidole vitamaliza, ukianzia nchani. Kama kuna kiini kigumu kabisa kimebaki, weka mkasi kwa urefu huo huo, usikate kwa kukingama, hapo utapoteza nywele chache tu badala ya fungu zima kama langu la nyuma ya sikio. Usifanye yote leo. Fundo moja leo, la pili kesho jioni, akishakula.